Nusu Dakika Mbele

Vestal Absher alikuwa amekula kiapo kwamba hatayaangalia tena mashindano ya magari maisha yake yote, na kiapo chake alikishika. Redio haiangaliwi. Kwa hiyo kila Jumapili, akishatoka kanisani na kula maharage yake na mkate wa mahindi, alibeba redio ndogo mpaka kibarazani, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa na bakuli la njugu za kuchemsha mapajani.

Ng'ambo ya barabara, hatua arobaini tu, Coy Triplett alikuwa ndani kwake na televisheni, madirisha wazi, sauti imepandishwa hadi mwisho, maana sikio lake la kushoto lilibaki kwenye kiwanda cha samani pamoja na ncha ya kidole kimoja. Picha za televisheni ile zililetwa na mtandao, na mtandao huchelewa. Redio ya kaunti haichelewi. Vestal alishapima kwa saa ya mkononi: nusu dakika kamili. Mtangazaji akisema gari fulani limegonga ukuta, Vestal alianza kuhesabu polepole, na akifika ishirini na nane, ishirini na tisa hivi, sauti ya Coy ilitoka dirishani.

"Aa! Aa! Mshenzi wewe! Mmeona alivyomsukuma? Mmeona?"

Hakukuwa na mtu wa kumjibu humo ndani. Vestal alikuwa na jibu, tena jibu zuri, amekuwa na nusu dakika nzima ya kulitengeneza, lakini alilimeza pamoja na njugu.

Watu hawa wawili walikuwa hawajasemezana tangu Novemba iliyopita. Na sababu, ukimwuliza Vestal, ni wale wakubwa wa mashindano waliokaa maofisini mwao wakaharibu hesabu.

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtu aliyeacha shule mapema kama yeye. Kila mbio zina pointi zake. Mnaanza Februari, mnamaliza Novemba, mnajumlisha. Mwenye nyingi ndiye bingwa, basi. Kisha wakubwa wakaona mashabiki wanasinzia, wakaanza kupikapika. Kwanza wakatenga mbio kumi za mwisho ziamue bingwa. Halafu wakawa wanafuta pointi katikati na kutoa madereva wanne wanne kama watoto wanaotolewa mchezoni. Mwishowe wakabaki na madereva wanne na mbio moja tu, kule jangwani Arizona, na kati ya hao wanne atakayetangulia wenzake ndiye bingwa wa mwaka mzima. Mwaka mzima! Mtu anaweza kuendesha vizuri kuanzia Februari, tairi likapasuka siku moja, mwaka wake ukafutwa ubaoni. Vestal aliandika barua tatu za kulalamika, kwa mkono wake, kurasa mbele na nyuma. Alijibiwa kwa stika.

Sasa, yeye na Coy walikuwa na dau lao la miaka thelathini na moja. Fedha haikuwamo. Masanduku yao ya barua yalikaa pamoja kwenye nguzo moja kando ya barabara, nguzo aliyoichimbia Vestal mwenyewe. Coy alikuwa mtu wa gari namba sitini na nne, Vestal mtu wa themanini na sita. Madereva walibadilika, namba zilibaki. Mwaka ambao dereva wa mmoja wao alipata ubingwa, mwenzake alipaka namba ya mshindi kwenye sanduku lake mwenyewe, kubwa, nyekundu, na kuishi nayo mpaka mbio za Februari. Na sheria ilikuwa hivi: anayeshindwa anashika brashi, anayeshinda anashika kopo na kucheka. Coy alikuwa fundi wa kucheka. "Imepinda," angesema. "Vestal, hiyo sita imelewa. Mama mchungaji akipita hapa atafikiri tunauza pombe."

Novemba iliyopita dereva wa Vestal, Wade Pruitt, alikuwa ameongoza pointi tangu majira ya kuchipua. Dereva wa Coy, kijana anayeitwa Landry Skaggs, alikuwa wa kumi na moja, akaponyoka ponyoka mpaka akaingia kwenye wale wanne, na kule jangwani akatangulia. Asubuhi yake Coy alivuka barabara na kopo la rangi.

"Haya, bwana mkubwa, kamata brashi. Mimi nakushikia kopo."

"Sipaki."

"Hupaki nini?"

"Sipaki, Coy. Huyo si bingwa. Wa kumi na moja mwaka mzima! Hiyo ni bahati nasibu."

"Kwani sheria nimeandika mimi? Mwaka juzi wewe ulinishinda kwa hesabu hiihii. Nilipaka au sikupaka?"

Alipaka. Alipaka tena akiimba. Vestal alilijua hilo, na kwa sababu alilijua damu ilimchemka zaidi, maana hakuna kinachomuudhi mkaidi kama kuambiwa kweli mapema asubuhi.

"Bingwa ni mwenye pointi za mwaka mzima," akasema. "Nyingine zote ni upuuzi, na mtu anayeshangilia upuuzi ni mpuuzi. Na sanduku lako ling'oe kwenye nguzo yangu."

Coy alimtazama kidogo, akingoja mwenzake acheke. Vestal hakucheka. Coy akaweka kopo chini, akaenda kwake, akarudi na bisibisi. Alikuwa na skrubu nne tu za kutoa, lakini kwa kile kidole kifupi ilimchukua muda mrefu, na Vestal alisimama pale pale muda wote huo bila kumsaidia.

Kabla ya wiki kuisha Coy alichimbia nguzo yake upande wake wa barabara. Mama wa posta, ambaye sasa alilazimika kupita mara mbili, alinung'unika mwezi mzima.

Ni aibu kusema jinsi Vestal alivyoumia. Mkewe Lorene alikufa miaka sita nyuma, watoto hawakujaliwa, wenzake wa kiwandani wamekwisha mmoja mmoja. Alikuwa na Coy tu. Sasa akimwona Coy anaenda kuchukua barua, yeye alisubiri nyuma ya pazia mpaka mwenzake aingie ndani, na alijua fika kwamba Coy naye anafanya hivyo hivyo. Siku nyingine alipitisha kutwa bila kusema neno, na jioni akimwita paka sauti yake ilitoka na kutu.

Kuomba radhi hakuweza. Alijaribu mbele ya kioo, maneno yakamshinda. Lakini mwaka huu Mungu alimfungulia mlango wa pembeni. Skaggs, yule yule kijana wa sitini na nne, alianza kuongoza mwezi wa Machi na hakushuka tena. Mbio baada ya mbio, wa tatu, wa tano, wa kwanza, wa pili. Pruitt wake Vestal alikuwa anahangaika huko wa kumi na tatu. Kwa hesabu ya zamani, hesabu ya haki, Skaggs alikuwa bingwa kabla hata majani hayajageuka rangi. Ikabaki tu atwae na ule upuuzi wa jangwani, awe bingwa kwa hesabu zote mbili, asiwepo wa kubisha. Hapo Vestal angevuka barabara na brashi mkononi, angesema "nishikie kopo," na lingekuwa limekwisha. Asingehitaji kusema neno jingine.

Kwa hiyo mtu wa themanini na sita alikaa kibarazani kwake Jumapili zote za mwaka akimwombea dua dereva wa sitini na nne. Kama watu wa kanisani wangemwona, wasingeamini.

Jumapili moja ya Oktoba, mbio zikiwa kule Virginia, Skaggs alishinda. Alimpita mwenzake kona ya mwisho kwa nje, mtangazaji akapasuka sauti. Vestal akapiga paja, njugu zikaruka. Akaanza kuhesabu, akitabasamu peke yake, akilingojea yowe la Coy, maana kwa ushindi kama huu Coy angeweza kutoka mpaka uani.

Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini.

Aliisikia televisheni ng'ambo ikipiga kelele za uwanja mzima, mtangazaji wa huko naye akipasuka sauti. Thelathini na tano. Arobaini. Labda yuko chooni. Hamsini. Coy hajawahi kwenda chooni mizunguko kumi ya mwisho tangu amjue. Sitini.

Barabara ile hakuwa ameivuka kwa miezi kumi na moja. Aliivuka bila kuangalia kulia wala kushoto, na mlango wa Coy akausukuma bila kubisha.

Coy alikuwa kwenye kiti chake, macho wazi, mdomo umeshuka upande mmoja. Kwenye skrini Skaggs alikuwa amesimama juu ya gari lake anarusha kofia. Coy alimwangalia Vestal, akajaribu kusema kitu, kikatoka kama uji.

"Nyamaza," Vestal akasema. "Nyamaza, bwana wee, nimeshafika."

Alipiga simu. Wakati gari la wagonjwa linakuja alipiga magoti kando ya kiti, akaushika ule mkono wenye kidole kifupi, na kwa kuwa hakujua la kufanya alimsimulia mbio zilivyokwenda, mzunguko kwa mzunguko. Alipoinua macho aliona kiti chake mwenyewe, kile alichokikalia miaka yote, kipo pale pale kando ya cha Coy na mto wake wa bluu. Hapakuwa na gazeti juu yake, wala nguo. Kilikuwa kitupu na kimefutwa vumbi.

Alhamisi alikuja Rhonda, bintiye Coy anayekaa Kannapolis, kuchukua nguo za baba yake. Vestal alimkuta anahangaika na sanduku la nguo kwenye ngazi, akampokea.

"Anaendeleaje?"

"Yuko hai, Anko. Upande wa kulia umelala. Maneno yanakuja moja moja. Daktari anasema yatarudi, au hayatarudi." Akajipangusa pua. "Nampeleka kwangu. Harudi hapa tena. Ngazi hizi atazipandaje?"

"Harudi kabisa?"

"Kabisa."

Vestal aliliweka sanduku garini, akalisukuma vizuri ingawa lilikuwa limeshakaa vizuri.

"Daktari kasema ungechelewa saa moja tungekuwa tunazungumza mengine," Rhonda akasema. "Ulijuaje?"

"Hakupiga yowe."

Rhonda akacheka huku machozi yanamtoka. "Unajua mwezi wa tatu nilikuja hapa nikamwambia, baba, punguza makelele, unampigia nani? Akaniambia, 'Yule punda wa ng'ambo ana redio. Anajua kabla yangu. Siku nisipopiga yowe utamwona anakuja mbio.' Nilidhani utani."

Vestal aliangalia viatu vyake. Rhonda alimwandikia namba ya simu kwenye bahasha na kumwachia ufunguo wa nyumba ili aangalie mabomba kwenye baridi.

Jumapili ya mwisho ya msimu, Novemba, Vestal aliweka redio juu ya meza ya jikoni, maana nje palikuwa na baridi, sauti akaipunguza aisikie yeye tu, akafungua simu yake ya kukunja na kupiga Kannapolis. Rhonda aliiweka simu ya huko kando ya Coy, mbele ya televisheni, sauti wazi.

"Coy. Unaona vizuri?"

"Na... ona."

"Mtu wako yuko wapi?"

"Pili."

Wa pili kati ya magari yote, na wa kwanza kati ya wale wanne. Wengine wawili walikuwa mbali nyuma. Na wa nne wa kundi hilo, mtanisamehe, alikuwa Wade Pruitt, yule wa kumi na tatu, aliyebahatisha kushinda mbio moja Septemba akaponyoka ponyoka mpaka akaingia. Vestal alipolisikia jina la mtu wake likitajwa karibu na Skaggs hakufurahi hata kidogo. Alimwona kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Hawakusema mengi. Coy hakuweza, na Vestal aliogopa. Alimsikia tu akipumua, na mara kwa mara akiguna, kila mguno ukija nusu dakika baada ya redio, kama zamani za kibarazani, ila sasa maili themanini zilikuwa katikati yao badala ya hatua arobaini.

Ikabaki mizunguko kumi na moja. Mtangazaji wa redio akapiga kelele: tairi la mbele la sitini na nne limepasuka, sitini na nne imebamiza ukuta, Skaggs amekwisha.

Vestal aliuma ulimi. Maisha yake yote lililomfika kinywani lilitoka, ndiyo sababu alikuwa hapa alipo. Kwenye simu Coy alikuwa anaimba wimbo fulani wa kanisani kwa puani, bila maneno, ametulia. Kule Kannapolis Skaggs alikuwa bado wa pili. Kule Kannapolis alikuwa bado bingwa, kwa hesabu zote mbili, na Coy alikuwa na nusu dakika ya kuwa mshindi. Vestal aliishika redio kwa mikono miwili, akaishusha sauti mpaka ikanyamaza, Coy asije akaisikia, akamwacha aimbe. Akahesabu kwa midomo.

Alipofika ishirini na tisa wimbo ulikatika.

Coy hakupiga yowe. Alitoa pumzi ndefu, basi. Mizunguko iliyobaki waliimaliza wote wawili pamoja, na Wade Pruitt, aliyetangulia wale wawili waliosalia, akavikwa taji.

"Le... ta kopo," Coy akasema mwishoni.

"Kopo la nini?"

"Themanini... na sita. Na... paka."

Kwa mkono gani, Vestal akawaza. Kwenye sanduku lipi. Mtu hana mkono, hana nyumba, na bado dau analijua.

"Hakuna wa kupaka themanini na sita hapa," akasema. "Huyo si bingwa. Nilikuambia mwaka jana, unafikiri nilikuwa natania? Wa kumi na tatu mwaka mzima! Bingwa ni mwenye pointi zote."

Simu ikatoa sauti ya ajabu, ya kukoroma na kukwaruza, kwa muda mrefu. Kisha Rhonda akaichukua.

"Anko? Anacheka. Nadhani anacheka."

Jumatatu asubuhi Vestal aliingia nyumbani kwa Coy kwa ufunguo wa Rhonda, akalikuta kopo la rangi nyekundu nyuma ya mlango. Ilikuwa rangi ile ile ya mwaka jana. Juu ilikuwa imeganda ngozi. Aliikata kwa kisu, chini ilikuwa bado nzima. Akatoka nayo barabarani. Nguzo yake ilikuwa bado na matundu manne upande lilipokuwa sanduku la Coy. Hapakuwa na mtu wa kumshikia kopo, akaliweka kwenye majani. Alimpigia Coy, akaiweka simu juu ya sanduku lake, sauti wazi, akapaka.

Ilimchukua robo saa.

"Tayari," akasema.

"Nga... pi?"

"Sitini na nne. Kubwa. Mama wa posta ataiona kutoka kwenye daraja."

Vestal alimsikia Coy akikusanya neno, akiliangusha, akilikusanya upya.

"Ime... nyooka?"

"Imenyooka."

"Mwongo," Coy akasema, na neno hilo lilitoka zima, halina ufa.

Vestal alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo. Halafu Rhonda akasema ni saa ya mazoezi ya mkono, watapiga Jumapili, ingawa Jumapili hapangekuwa na mbio tena mpaka Februari, na simu ikakatika.

Alibaki kando ya barabara na brashi. Ng'ambo, kwenye nguzo ya Coy, sanduku lilikuwa wazi na ndani hamna kitu. Gari la maziwa likapita, dereva akampungia mkono. Vestal alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akaitazama kazi yake vizuri. Sita ilikuwa imelalia kushoto kweli, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.